Shayiri ya Golden Promise si GMO
Je, shayiri ya Golden Promise ni GMO, yaani kiumbe kilichobadilishwa kwa uhandisi jeni? Hapana, si GMO, kwa sababu hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyopandikizwa ndani yake. Watafiti wa mbegu nchini Uingereza waliipata kwa kuipiga mionzi ya gama shayiri iliyoitwa Maythorpe, kisha wakachagua mimea yenye mabua mafupi na magumu yasiyolala kwa upepo, na kimea chake, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kikapendwa sana na watengenezaji wa wiski wa Uskoti. Shayiri nyingine, Diamant ya Chekoslovakia, iliyosajiliwa mwaka 1965, ilizaliwa vivyo hivyo, ila kwa eksirei. Hata hivyo, kuiita mbegu ya asili isiyoguswa na maabara nako si sahihi, maana mionzi ilibadilisha jeni zake yenyewe.