Chungwa la Christingle lilikuja baadaye

Wapo wanaosema Christingle, ile ibada ya msimu wa Krismasi ambapo watoto hushika chungwa lenye mshumaa, ilianzia kwa Waanglikana. Hapana ndugu, haikuanzia kwao. Ilianza kwa Wamoravian, Wakristo wa Kiprotestanti, huko Marienborn, Ujerumani, 20 Desemba 1747. Askofu Johannes de Watteville aligawia watoto mishumaa midogo iliyofungwa utepe mwekundu, kuwaonyesha mwali ambao Yesu anauwasha moyoni. Mshumaa na utepe, basi. Chungwa halikuwepo.

Waanglikana wa Uingereza waliipokea mwaka 1968 kupitia shirika la The Children's Society, na sadaka ya ibada hiyo husaidia watoto wenye shida. Hilo ndilo linalonigusa zaidi.

Maana yake leo: chungwa ni dunia, utepe ni damu ya Kristo, vijiti vinne vyenye zabibu kavu au peremende ni majira na mazao ya nchi, mshumaa ni Kristo, nuru ya ulimwengu. Ukiandaa, zungushia karatasi ya foili chini ya mshumaa, nta isiwadondokee watoto vidoleni. Wenye nywele ndefu wazifunge nyuma kabla taa hazijazimwa.

Ila si lazima iwe kabla ya Krismasi. Wengine huifanya hadi mwanzoni mwa Februari.