Kisu cha kukunja si mtaimbo: kwa vijana mnaoanza kazi

Juzi nilipita Kamas, hapa Kisumu, nikamkuta kijana wa atachimenti amechuchumaa akitekua kifuniko cha kopo la rangi kwa ncha ya kisu cha kukunja, na bisibisi imelala karibu na goti lake. Kila muhula wanakuja wapya, na kila muhula ncha za visu zinakatika. Wadogo zangu, nawapenda, na nafurahi mnapotembea na visu mifukoni, maana fundi wa sola asiye na kisu hushinda akiazima cha mwenzake. Lakini hili la kutekua limenichosha. Someni hapa kabla hatujapanda gari.

1. Jua nguvu ya kisu iko upande gani. Chukua bapa la kisu lenye unene wa milimita 3, na kutoka mgongoni hadi kwenye makali ni milimita 25. Ukikata, mzigo unatoka kwenye makali kuelekea mgongoni, na zile milimita 25 zote zinaubeba. Ukitekua, unalipinda bapa kwa ubavu, na hapo zimebaki milimita 3 peke yake. Ni kama ubao wa kenchi: seremala huusimamisha wima, haulazi. Kwa vipimo hivyo, hata tukichukulia kwamba bapa halijachongwa popote, nguvu yake kwa ubavu ni kama sehemu moja ya nane ya ile ya wima. Sasa nenda kwenye ncha, ambako unene umepungua hadi milimita 1 na upana nao umepungua. Unene ukishuka mara tatu, uwezo wa kuhimili kupindwa hushuka mara tisa, kabla hata hujahesabu huo upana. Na ni ncha hiyo hiyo mnayoichomeka chini ya kifuniko!

2. Chuma kigumu si lazima kiwe chuma kisichovunjika. Visu vingi vizuri hutiwa ugumu wa kama 56 hadi 61 kwenye kipimo cha Rockwell, ili makali yadumu. Gharama yake ni kwamba bapa likizidiwa halipindi sana, linakatika ghafla. Mtaimbo huachwa laini zaidi kwa makusudi, upinde ukuonye kabla haujakusaliti. Kwa hiyo mtu akikusifia chuma cha kisu chake, anasifia makali. Hajasema lolote kuhusu kutekua.

3. Loki, yaani kifungio cha bapa, haikuwekwa kwa kazi hiyo. Opinel, kisu cha kukunja cha Ufaransa, ilianza kutengenezwa mwaka 1890, na pete yake ya kufungia bapa iliongezwa 1955. Miaka 65 watu walikata mkate, kamba na matawi kwa kisu kisicho na loki, kwa sababu mkato wa kawaida hulisukuma bapa lizidi kufunguka. Loki inalinda vidole pale bapa linapotaka kujikunja. Mzigo wa pembeni haiupingi, na msokoto ndio kabisa.

Hapa nawaomba mtulie, kwa sababu hili nililiona. Tulikuwa upande wa Ahero, tunashusha pampu ya sola ya shamba la mboga. Pampu ilikuja ndani ya kasha la mbao lililopigwa misumari pande zote, na mtaimbo ulikuwa bado juu ya lori, chini ya paneli. Tulikuwa na kijana mmoja hodari, wa kwanza kuinuka kila kazi inapotajwa. Akatoa kisu chake kipya, kinene, cha loki ya bamba: lile bamba jembamba ndani ya mpini linaloruka na kukaa nyuma ya mkia wa bapa. Alikuwa amejinyima ili akinunue, na kilikuwa kisu cha kweli, si takataka. Akalipenyeza bapa kati ya mbao mbili, akakandamiza. Mbao ikalia kidogo. Akaona inakubali, akausokota mpini.

Bapa halikukatika. Mpini ulipopindika, lile bamba likateleza kutoka nyuma ya mkia, na loki ikawa haipo. Bapa lilikuwa limebanwa kwenye mbao haliwezi kwenda popote, kwa hiyo mpini ndio uliojikunja, ukaja na vidole vyake hadi kwenye makali. Nikamsikia akisema, “Mkubwa, si kitu, ni mkwaruzo.” Damu yenyewe haikuwa ya kutisha. Nikamwambia akunje vidole. Vingine vilikunja, cha shahada kikabaki kimenyooka, na yeye anakitazama kama kidole cha mtu mwingine. Hapo nikajua kano imekatika.

Iliungwa kwa upasuaji, akakaa na banzi wiki nyingi, kisha miezi ya mazoezi ya kukunja na kukunjua. Leo kidole hicho hakifiki kiganjani, na nati ndogo hawezi tena kuzianzisha kwa mkono huo. Jioni ile nilikichukua kisu nikakijaribu. Nilipoukandamiza mgongo, loki ilishika barabara. Nilipousokota mpini, bamba lilihama. Ndiyo sababu sitaki kusikia kwamba kisu chako kina loki kali. Kali kwa upande gani?

Kijana yule hakuwa mzembe. Alikuwa na haraka ya kutusaidia, na mtaimbo ulikuwa hatua chache tu kutoka pale. Siku hizi mtaimbo ndio unaoshuka kwanza kwenye lori, kabla ya maji ya kunywa, na atakayebisha atabaki kulinda stoo.

4. Beba kifaa cha pili. Kisu kilichokabidhiwa kwa wanajeshi wa Uswisi mwaka 1891 kilikuwa na bapa, msumari wa kutobolea, kifungulio cha makopo na bisibisi ya kufungulia bunduki. Hata jeshi halikumwambia askari afanye yote hayo kwa bapa. Bisibisi pana iliyozeeka ndiyo ya rangi na vifuniko, mtaimbo mfupi ni wa makasha, na plaisi ni ya pini zilizopigwa kwenye mbao.

5. Mengine kwa haraka. Kaza skrubu ya egemeo, pale bapa linapozungukia, likianza kucheza, na utie tone la mafuta baada ya kazi za mchanga wa ziwani. Kisu chenye mpini wa chuma kisikaribie vichwa vya betri. Ukipanda ndege hapa Kisumu, kiweke kwenye mzigo wa chini.

Na wewe uliyevunja ncha tayari, usikitupe wala usikifiche. Niletee tukisage pamoja. Tunasaga kutoka upande wa mgongo kushukia makali, makali yenyewe hatuyagusi, na tunachovya bapa majini kabla halijapata moto, maana likibadilika rangi ugumu wake umeondoka. Litakuwa fupi kidogo, lakini litakata waya na mikanda ya makasha vile vile.