Kila mtu na faili lake: kutunza namba za watu kwenye terminali

Simu yangu ilipokufa ghafla, ndipo nilipotambua kwamba hata namba ya mama sikuwa nayo kichwani. Majina yalirudi kutoka kwenye seva, lakini yalirudi matatu matatu, namba za zamani zimechanganyika na mpya. Nilizichambua jioni mbili nzima. Tangu hapo nazitunza mwenyewe kwenye kompyuta, kwa khard, programu ya kutunza majina na namba inayoendeshwa kwa amri za kuandika kwenye terminali.

Nilichoipendea ni kwamba haina hifadhidata. Kila mtu ana faili lake la vCard (muundo wa kawaida wa kadi ya mawasiliano), maandishi matupu yanayosomeka kwa kihariri chochote. Andika `khard list` na kipande cha jina, orodha inatoka papo hapo. `khard edit` hukufungulia fomu ya kujaza, na `khard merge` huunganisha kadi mbili za mtu mmoja. Laiti ningeijua zile jioni mbili! Ukitumia mutt kwa barua pepe, weka `khard email --parsable %s` kwenye mpangilio wake wa `query_command`, nayo itakutafutia anwani. Namba zote ziandike kwa + na msimbo wa nchi.

Kuzifikisha kwenye simu ni kazi ya vdirsyncer, programu ya kusawazisha folda ya kompyuta na seva za CardDAV, yaani seva zinazotunza majina na namba ambazo simu nayo husoma. Hapa nakusihi uwe makini. Upande mmoja ukikutwa mtupu kabisa, vdirsyncer hugoma kusawazisha mpaka uilazimishe kwa `--force-delete`. Usiiandike amri hiyo kwa haraka. Chunguza kwanza nini kimeuacha upande ule mtupu. Kwangu kilikuwa ni anwani ya folda niliyoikosea kwenye mipangilio, na kama ningelazimisha, ningefuta kila kitu.

Kinga hiyo, hata hivyo, haikusaidii ukifuta majina kumi tu kwa bahati mbaya. Yatafutika pande zote mbili, kimya kimya. Ndiyo maana folda yangu iko ndani ya git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, nami hufanya `git commit` kuhifadhi hali ilivyo kabla ya kusawazisha, kisha `git diff` kuona kilichobadilika baada yake. Kwa kuwa kila mtu ana faili lake, naona mara moja nani kaguswa na mstari gani umebadilika.

Folda hiyo usiipandishe kwenye hazina ya wazi ya git, kwa sababu namba zilizomo ni za watu wengine na hawajakupa ruhusa. Nakala yangu ya akiba naiweka kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski kwa nenosiri.