Mahitaji ya siri na ya kawaida, DOORS moja inatosha?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Tuko Dar, timu ndogo tu, tumepata kazi ya mfumo wa mawasiliano wa boti za doria. Mahitaji yote, yaani yale mfumo unatakiwa ufanye, tunaweka DOORS, ile programu ya IBM ya kutunza mahitaji, sasa mengine yamekuja na muhuri wa SIRI. Mwenzangu anasema tuyatupie moduli (kama faili la mahitaji) ya peke yake humo humo tuwafungie wasiohusika. Mi nasita, we unaonaje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Msifanye hivyo, hata kwa majaribio. Kweli DOORS unaweza kufunga haki mpaka objekti, yaani hitaji, moja moja, ila admini wa databesi anaona kila kitu na bekapu inabeba kila kitu, halafu seva ikiwa kwenye netiweki ya ofisi yenye intaneti hapo hamna siri tena. Wanaoficha kwa filta ndo kabisaa, mtu anaizima tu anasoma.

Wekeni databesi mbili kwenye mashine mbili, ile ya siri isiguse netiweki yoyote ambayo mwenye data hajaiidhinisha, maana aliyegonga muhuri ndo mwenye kauli, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 sio ya kuchezea. Kazi kubwa ifanyike kwenye ya kawaida, halafu kila baada ya muda mnatoa kopi kwa ReqIF (fomati ya kuhamishia mahitaji) mnaichoma kwenye CD mnaipandisha upande wa siri, inakaa kule ya kusoma tu. Inapanda, haishuki. Hiyo CD ikishaingia kule ndo imeingia, hairudi.

Linki za kuunganisha hitaji na hitaji zianzie upande wa siri kuja kwenye ile kopi, hapo zote zinabaki ndani ya databesi ya siri, kwahiyo upande wa kawaida haubaki na alama yoyote. Na msitegemee namba ambayo DOORS inajipa yenyewe, ukiingiza data databesi nyingine inaweza kubadilika, tengenezeni fildi yenu ya ID. Pale penye pengo la hitaji la siri kwenye ya kawaida andika "MAW-214: angalia waraka husika" basi, usiweke kichwa kama "Umbali wa redio usiku" maana hapo umeshasema nusu ya siri.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakioni, na mimi ndo kinaninyima raha: mahitaji ya kawaida yakikusanywa yanaweza kuzaa siri. Idadi ya boti sehemu moja, ujazo wa tenki sehemu nyingine, ratiba ya kubadilishana zamu kwingine, kila moja peke yake haina shida, ila mtu akizisoma pamoja anajua boti zinafika wapi na saa ngapi hakuna mtu baharini. Kwahiyo kabla ya kila beziline (toleo la moduli linalogandishwa lisibadilike tena) mwombeni mhusika wa usalama wa mteja aisome moduli nzima kwa pamoja, sio mstari mmoja mmoja.

Na kama kuna siri imeshaingia kwenye ya kawaida, msikimbilie kufuta. Objekti iliyofutwa inabaki mpaka ifanyiwe paji, yaani iondolewe moja kwa moja, histori inashika maandishi ya zamani, beziline haibadiliki na bekapu ya jana usiku nayo inayo. Chomoeni seva kwenye netiweki, andikeni nani aliifungua na lini, halafu mpigieni huyo mhusika wa usalama leo leo, yeye ndo atasema nini kifutwe na diski ziende wapi.