Kumwona bundi wa Sokoke bila kumfukuza

Ukiingia msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, usiku na tochi, bundi huyu utamsikia tu. Hupiga miluzi mifupi mfululizo kwa mwendo uleule, na ukisogea ananyamaza. Nafasi nzuri ni mchana, akiwa amelala kichakani, na kichaka hicho kiongozi anapaswa kukijua kabla hujafika.

Kwa hiyo mpigie kiongozi siku mbili kabla, umuulize: mara ya mwisho bundi walionekana wapi, na lini? Akikutajia mahali na siku, patana naye. Akisema "tutawapata tu", mtafute mwingine. Bundi hawa huhama kichaka, hivyo mwenye kazi yake hutangulia msituni alfajiri kuhakikisha. Kazi hiyo ya kutafuta ilipwe, tena vizuri. Uliza pia kama kiingilio cha msitu kimo katika bei mliyopatana.

Wageni wengi huanzia Gede, wakazunguka karibu na barabara kuu ya Mombasa-Malindi. Huko kuna msitu mchanganyiko, una ndege wazuri, lakini bundi huyu hakai humo. Lazima uvuke mchanga mweupe wenye miti ya mirihi, uelekee magharibi hadi udongo mwekundu wenye miti ya mifunda. Mvua ikinyesha udongo ule huteleza vibaya. Kuanzia Aprili hadi Juni chukua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, au ahirisha safari. Ndovu wapo, basi usimpite kiongozi hata hatua moja. Suruali iingie ndani ya soksi kwa sababu ya kupe. Na kanyaga alipokanyaga yeye, maana majani makavu ndiyo yanayowaamsha bundi.

Mkifika, wengi hutazama juu mno. Bundi huyu ana sentimita 15 hadi 18 tu, na mara nyingi hulala chini ya urefu wa kichwa cha mtu, ndani ya matawi yaliyosongamana, pengine wawili wamegandana. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na wa kutu ukimtazama haraka utadhani ni jani kavu. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, yatosha, ila ijaribu kwanza nyumbani: nyingine hazioni vizuri kitu kilicho mita tatu mbele yako.

Tazama mwili wake. Akiwa ametulia huwa mviringo. Akianza kujinyoosha, akawa mwembamba kama kijiti na macho yamebaki mstari, ameshtuka. Rudini nyuma hatua mbili, polepole. Akiruka mchana, ndege wadogo humzingira kwa kelele na kumtangazia mwewe alipo, na kichaka kile anaweza kukihama kabisa. Watu wanne wanatosha, kwa dakika tano, bila mwanga wa kamera. Kiongozi akitoa simu ili acheze sauti ya bundi, mkatalie: ndege huidhani ya mgeni aliyeingia eneo lake, akaacha kupumzika ili amfukuze.

Walio Tanzania wanaye pia, katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Mkimkosa bundi huko Arabuko-Sokoke, wakati wa kurudi simameni kwenye mirihi mtafute makundi ya ndege mchanganyiko juu ya miti. Humo ndimo hupatikana mnana wa Clarke, ambaye haishi popote nje ya kaunti ya Kilifi.