Maswali yenu: Ulaya Mashariki baada ya ukomunisti

Makala yangu kuhusu maoni ya wananchi katika nchi za Ulaya zilizotoka kwenye ukomunisti imeleta maswali mengi. Najibu machache.

Kama ule utawala ulikuwa mbaya hivyo, mbona wazee wa huko wanaukumbuka kwa hamu? (Msomaji, Tanga)

Wengi hawakumbuki polisi wa siri, wanakumbuka ajira. Chukua Ujerumani Mashariki. Mwaka 1990 shirika la serikali lililoitwa Treuhand lilikabidhiwa maelfu ya viwanda, livibinafsishe au livifunge, na kufikia mwisho wa 1994 lilikuwa limemaliza kazi. Fundi wa miaka 50 aliyezoea kuamkia kiwandani akabaki nyumbani, hana wa kumwajiri. Ukimuuliza habari za zamani atakusimulia mshahara na chekechea ya watoto wake, na Stasi, polisi wa siri wa huko, hataigusa. Lakini muulize kama anataka Ukuta wa Berlin urudi! Katika utafiti wa maoni wa Pew, taasisi ya Marekani, wa 2019, watu 85 kwa kila 100 Ujerumani Mashariki waliafiki kuhamia vyama vingi, na Poland vivyo hivyo. Urusi walikuwa 43. Kwa hiyo tusizitie nchi hizi zote kapu moja.

Ni kweli wakomunisti walirudi kwa kura? (Msomaji, Nakuru)

Kweli, na hawakuchelewa. Vyama vilivyozaliwa na vyama tawala vya zamani vilishinda Poland 1993 na Hungaria 1994. Mwaka 1995 Aleksander Kwaśniewski, waziri wa enzi za ukomunisti, alimwangusha Lech Wałęsa mwenyewe, yule kiongozi wa Solidarity, chama cha wafanyakazi kilichopambana na ukomunisti. Watu walikuwa wamechoshwa na mageuzi ya uchumi ya Januari 1990, bei zilipopaa na ajira kupotea. Ajabu ni kwamba Poland iliingia NATO (1999) na Umoja wa Ulaya (2004) Kwaśniewski akiwa rais. Wapiga kura waliwaadhibu viongozi, mfumo mpya hawakuugusa.

Orbán alikuwa akishinda uchaguzi. Mnamlaumu kwa lipi? (Msomaji, Dodoma)

Kwa yaliyofanyika kabla ya siku ya kura. Mwaka 2010 Viktor Orbán, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia mwaka huo, alipata theluthi mbili ya viti vya bunge la Hungaria, na theluthi mbili kule inatosha kubadili katiba. Akaandika mpya. Viti vikapunguzwa kutoka 386 hadi 199 na mipaka ya majimbo ikachorwa upya. Mwaka 2014 muungano wake ulipata chini ya asilimia 45 ya kura, ukabaki na theluthi mbili ileile. Mimi hapo siwezi kusema mchezo ulikuwa sawa.

Vijana wanapiga kura? (Msomaji, Mombasa)

Inategemea wanaona nini mezani. Oktoba 15, 2023, katika mtaa wa Jagodno mjini Wrocław, Poland, foleni ilikwenda hadi karibu saa tisa usiku, watu wakila piza walizoletewa hapohapo kwenye mstari. Waliojitokeza nchini kote walifika asilimia 74, kuliko hata 1989, ukomunisti ulipoanguka. Lakini Slovakia, kura ya bunge la Ulaya ya 2014, walijitokeza asilimia 13 tu.

Yale ya 1989 yalitugusa sisi Tanzania? (Msomaji, Morogoro)

Sana. Mwalimu Nyerere alipofungua mjadala wa vyama vingi mapema 1990, kila mtu alikuwa ameona yaliyovikuta vyama tawala vya Ulaya Mashariki. Tume ya Jaji Nyalali ikazunguka nchi nzima kukusanya maoni, na takriban asilimia 77 wakasema chama kimoja kibaki. Hata hivyo tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 sheria ikabadilishwa: wengi wa hao asilimia 77 walikuwa wameomba pia chama chenyewe kirekebishwe.