Jibu: Watoto tuwapeleke wapi tukiwa Konde?

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umesema mko Konde, kaskazini mwa Pemba, na watoto wamechoka kukaa ndani, na hutaki safari ya kurudi mjini Chake Chake.

Kwanza tizama mvua, maana masika njia za msitu wa Ngezi huwa tope tupu. Kukikauka, nendeni asubuhi, mchukue mtembezaji pale getini. Wanangu walivutiwa zaidi na popo wa Pemba: mbawa zikikunjuliwa hufika karibu mita 1.5, na hawapatikani kwengine duniani. Mchana hulala wakining'inia mitini, kwa hiyo watoto wasiwapigie kelele. Nawasihi sana hapo.

Kisha shukeni ufukwe wa Vumawimbi mkaoge. Maji na chakula bebeni kutoka Konde. Mnara wa taa ya meli wa Kigomasha nao unapandwa, ila ngazi nyembamba. Wadogo wabaki chini na mtu mzima.